Mahindi ya Upande wa Musau

Musau alipanda mahindi mwezi wa Novemba, na hakuishi kuyala. Mwezi wa Januari ukingo wa machimbo ya mchanga ulimporomokea akiwa chini na koleo, na wenzake walipomfukua alikuwa ameshakata roho. Alizikwa kando ya shamba lake mwenyewe. Wiki tano baadaye shamba lilikuwa limezaa, kila bua na mahindi yake mawili.

Huo ulikuwa mwaka wa 2004, na upande wa Katangi njaa ilikuwa imekaa na watu miezi mingi. Shamba la Musau lilikuwa bondeni, karibu na mto wa mchanga, ndiyo sababu lilizaa wakati mashamba ya juu yalitoa mabua ya kulisha ng'ombe tu. Na shamba likizaa peke yake wakati wa njaa, lina macho mengi. Kufikia katikati ya Februari mistari miwili ya pembeni ilikuwa imevunwa na watu wasiojulikana. Halafu mvua ikanyesha, mvua isiyo na msimu, siku nne mfululizo.

"Vuna," akasema Munyiva, mama yake Musau. "Mwizi hangoji yakauke."

Kalunde, mjane wa Musau, akavuna. Alivuna yakiwa bado na maji, yeye na binti yake Mutanu wa miaka kumi, huku bibi akiwasaidia kwa maneno zaidi ya mikono. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala la fito lililoinuliwa juu ya mawe ili upepo upite chini, lile ambalo Wakamba huliita ikumbi. Musau alilijenga mwenyewe. Lakini ikumbi halina kufuli. Basi Kalunde akafanya kama majirani walivyofanya mwaka ule: akayapukuchua hivyo hivyo mabichi, akayatia kwenye magunia ya nailoni, akayaingiza ndani ya nyumba. Yalitoka magunia matatu. Chumba cha kulala kilikuwa na nafasi moja tu, kati ya kitanda na ukuta, upande aliokuwa akilala Musau. Akayapanga hapo.

Hakuwaza kitu kingine ila wizi. Lakini alipolala alinyoosha mkono, na mkono ukakuta gunia. Tangu mazishi mkono ule ulikuwa ukikuta ukuta.

Kabla mahindi hayajapukuchuliwa, Munyiva alikuwa amechagua manane yaliyonyooka mistari. Aliyakunja maganda nyuma, akayafunga pamoja, akayatundika jikoni juu ya meko, pale moshi unapopita kutafuta njia ya kutoka. Alifanya hivyo kila mwaka.

"Chakula inaweza kulala mahali popote," alisema. "Mbegu inalala juu ya moto."

"Kwa nini, susu?" Mutanu akamwuliza, akimwita kama Wakamba wanavyomwita nyanya.

"Kwa sababu mama ya mume wangu alikuwa anafanya hivyo na mimi sikumwuliza. Wewe unauliza maswali kama wakili wa Machakos."

*

Kalunde alikuwa msusi wa viondo. Mama yake, aliyekuwa mtu wa Kola, alimfundisha akiwa mdogo kuliko Mutanu, na hakumfundisha akiwa amekaa. Walikuwa wakienda kuteka maji huku wakisuka, kiondo kimening'inia mbele, vidole vikifanya kazi na macho yakitazama njia. Yule mama alikuwa na urembo wake mmoja, mstari wa vilima unaopanda na kushuka ukizunguka kiondo, na mtu wa Kola akiona vile vilima sokoni alijua nani amekisuka.

Rangi nyeusi Kalunde alinunua. Nyekundu ililetwa na Musau. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mti alioujua yeye, na akitoka machimboni jioni alikuwa akipitia huko na kubandua gome kidogo, upande mmoja tu ili mti usife. Kalunde alichemsha yale magome na nyuzi za mkonge mpaka zikatoka na wekundu wa udongo baada ya mvua. Musau alipokufa kilibaki kidonge kimoja cha uzi mwekundu, ukubwa wa ngumi. Kiondo kilichokuwa nusu kikabaki kwenye msumari ukutani. Kalunde hakukigusa. Hakugusa mambo mengi. Alipika kwa sababu mtoto lazima ale, na akilisha mbuzi ni kwa sababu mbuzi walipiga kelele.

Aliyemrudisha kwenye kazi ni Mutanu. Siku moja ya Machi alirudi kutoka uani na majani ya mkonge aliyoyakata kwenye ua, ameyaparua mwenyewe kwa kisu butu. Nyuzi zilikuwa zimekatikakatika na bado zina kijani.

Kalunde akazitazama. "Hizi umeparua na kisu ama na meno?"

"Kisu."

"Kisu hiki kinafaa kuolewa, kimezeeka bure. Lete ubao."

Wakaenda mtoni wote wawili. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, lakini ukichimba mkono mmoja unapata maji ya kusuuza nyuzi, na ukingoni kulikuwa na mgunga wenye kivuli kizuri. Kalunde akamwonyesha namna ya kushika jani na kuvuta ili nyama itoke na uzi ubaki. Kisha akaketi, akanyoosha mguu, akaanza kusokota uzi juu ya paja, na mara ya kwanza tangu Januari jua lilitua bila yeye kuliangalia.

Wakawa wanaenda kila alasiri. Juu ya mgunga minana walikuwa wakijenga viota, kila mmoja akichomeka nyasi na kuvuta, akichomeka na kuvuta, na mayowe mengi. Mutanu aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hata huyu anasuka," akasema. "Lakini kiondo chake hakina mkanda. Atabebea nini?"

"Yeye anabebea watoto ndani."

"Wakianguka?"

"Ndio maana anapiga kelele hivyo. Ni mzazi."

Nyumbani Kalunde hakulitaja jina la Musau. Pale mtoni, mikono ikiwa na kazi, jina lilitoka lenyewe. Alimsimulia Mutanu jinsi baba yake alivyokuja Kola mara ya kwanza, akanunua kiondo kwa mama yake Kalunde ili tu apate kuongea na bintiye, akaenda nacho sokoni amekishika kitako juu, vitunguu vyote vikamwagika barabarani na watu wakacheka mpaka kesho yake. Mutanu alikuwa akitaka hadithi hiyo kila siku, na kila siku vitunguu viliongezeka.

Lakini kidonge chekundu Kalunde alikiacha nyumbani, ndani ya kopo. Alisuka vilima vya mama yake kwa nyeusi peke yake.

"Mbona usitumie nyekundu?" Mutanu aliuliza.

"Hiyo ndiyo ya mwisho."

*

Mwishoni mwa Machi chumba kilianza kunuka unyevu. Kalunde alifungua gunia la kwanza, akatia mkono, akakuta joto ndani kama mgongo wa mtu mwenye homa. Mahindi ya katikati yalishikana, na yalikuwa na vumbi la kuvu, kijivu na kijani.

Mzazi anayesoma haya asikie vizuri, maana Kalunde hakuwa mvivu wala mchafu. Aliyaanika yote juu ya turubai siku nzima, akiyalinda mwenyewe na fimbo. Aliyapepeta mpaka vumbi likaisha. Kila siku ya kupika alichukua kiasi chake, akakiosha mara tatu, akakitwanga kinuni kutoa maganda, akakipepeta tena, akachemsha muthokoi, hayo mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe tangu saa sita mpaka saa tisa. Ulitoka mweupe, wenye harufu nzuri. Ile sumu ya kuvu haiogopi maji wala moto wala mchi, lakini hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Yeye alijua lile ambalo kila mama alilijua: hindi likiota kuvu, unapangusa, unapika. Kutupa chakula wakati wa njaa ni laana.

Na kulikuwa na jambo la pili. Akipakua chakula alisema, "Hii ni ya baba." Alisema hivyo kila siku, bila kukusudia kitu kibaya. Musau alikuwa chini ya udongo na bado alikuwa analisha nyumba yake. Mutanu, aliyekuwa mtoto wa kubakisha chakula tangu aachishwe ziwa, sasa alikomba sahani mpaka chini. Kalunde mwenyewe hamu ya kula haikuwa imerudi. Alikuwa akimega vijiko viwili, kisha anasukuma sahani yake upande wa mtoto.

"Malizia. Ni ya baba."

Munyiva hakuwa na meno ya muthokoi. Alikunywa uji wa mawele nyumbani kwake, nyumba ya pili katika boma hilo hilo, na kusema kwamba Mungu alimnyang'anya meno ili ampunguzie kazi.

Mwezi wa Mei mbwa wao, Kamanda, aliyekuwa akipewa makoko ya sufuria, alivimba tumbo akafa.

"Alikuwa mzee," Munyiva akasema.

"Alikuwa na miaka mitatu, susu."

Munyiva akaenda kutafuta jembe.

*

Habari zilikuja kwanza kama uvumi. Upande wa Makueni watu wanakufa, macho manjano, tumbo limejaa maji, nyumba nzima kwa wiki moja. Wengine wakasema ni uchawi, kuna familia imelaani ukoo. Wengine wakasema ni homa inayoletwa na mbu wa aina mpya. Kisha redio ikasema ni mahindi. Kisha Reuben, mjumbe wa chifu, akapita boma kwa boma na baiskeli yake.

Reuben alikuwa mtu mwema, lakini akipewa ujumbe wa serikali sauti yake ilibadilika ikawa ya redioni.

"Mama Mutanu, serikali inatangaza ya kwamba mahindi yote ambayo ilivunwa Februari, na yote iko na kuvu, itolewe. Lori iko shuleni. Ukitoa gunia, unapewa gunia. Safi, imepimwa."

"Na Reuben wa kawaida anasemaje?" Munyiva akamwuliza kutoka kivulini.

Reuben akashusha sauti, akawa mtoto wa jirani anayemwita mwaitu, yaani mama. "Mwaitu, watu wanakufa kweli. Nimebeba wawili mwenyewe. Toeni."

Kalunde aliingia ndani. Kulikuwa na nusu gunia la mahindi aliyonunua Matuu mwezi wa Aprili ili ya Musau yasiishe upesi, makavu, hayana kasoro. Akalitoa lile. Akaliweka miguuni pa Reuben.

"Hii tu?"

"Hii tu. Si unajua tuliibiwa."

Reuben alitia mkono, akatazama, akashangaa kidogo kuona yalivyo mazuri, lakini yeye hakutumwa kupekua nyumba ya mjane. Alifunga gunia kwenye baiskeli. Alipokwisha kwenda Munyiva alichora chini na fimbo.

"Umeficha," akasema.

"Ni ya Musau, mwaitu."

Bibi alitazama jikoni, kisha akatazama kando ya shamba, pale udongo wa kaburi ulipokuwa bado haujashikana sawasawa.

"Haya," akasema. "Ni ya Musau."

Hivyo ndivyo wanawake wawili wenye akili timamu walivyotoa mahindi mazuri na kuweka mabaya, na mahindi waliyopewa na serikali wakayafungia jikoni yangoje.

*

Ruqiya alikuwa na duka la nguo pale Katangi. Watu walimwita mama Khadar, kwa jina la kijana wake wa kwanza. Mumewe, Abshir, alinunua mbuzi vijijini na kuwapeleka Machakos na pikapu. Ruqiya alichukua viondo vya Kalunde na kuvipeleka kwa dada zake Nairobi, na alikuwa mkali wa kukagua. Alikigeuza kiondo ndani nje, akavuta mkanda kwa nguvu zake zote.

"Vilima vyeusi tu?" alisema siku ile ya Juni. "Hiki kiondo kina matanga. Wateja wangu wanataka kufurahi, mama Mutanu."

"Nyekundu iliisha, mama Khadar."

"Iliisha au umeificha?" Ruqiya alicheka, akampa Mutanu sambusa. Mutanu alikuwa ameketi kizingitini, jambo ambalo si kawaida yake, maana kwa kawaida alikuwa akiingia katikati ya vitambaa na kuvijaribu. Aliishika sambusa bila kuila. Halafu akatoka nje akatapika.

Ruqiya alimfuata. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye jua.

"Mama Mutanu, njoo hapa nje. Macho haya tangu lini?"

Kalunde alikuja. Alimwona mtoto wake kila siku, lakini chini ya mgunga au jikoni, kwenye moshi. Pale kwenye jua la barabarani weupe wa macho ya Mutanu ulikuwa rangi ya kiini cha yai.

"Ni malaria. Nimempa dawa tangu juzi."

"Malaria nimeugua mimi mara ishirini, haijawahi kunipaka rangi. Mnakula nini kwenu?"

"Chakula ya serikali," Kalunde akasema upesi.

Ruqiya aligeuka. Aliita ndani ya duka, "Abshir, shusha mbuzi." Abshir akauliza mbuzi washushwe kwa nini na soko ni la kesho. "Mbuzi watangoja. Huyu hangoji."

Kalunde alikimbia nyumbani kuchukua leso na sufuria ndogo. Akakiokota kile kiondo cha nusu kwenye msumari, hata hakujua kwa nini, na lile kopo. Akamwambia Munyiva, "Mwambie Nzuki watoto wake walishe mbuzi. Uwape debe moja kutoka kwa gunia iliyofunguliwa, kwa hiyo kazi."

Nzuki alikuwa jirani yao, mwenye watoto wanne.

*

Hospitalini Machakos wodi ilikuwa imejaa, watu wawili kitanda kimoja. Mutanu alilazwa dirishani na msichana mwingine wa Mwala. Walimtoa damu, wakamtundikia chupa ya maji. Daktari aliuliza mtoto amekula mahindi gani, Kalunde akajibu: chakula ya serikali. Akaandika, akaenda kwa mwingine.

Kesho yake asubuhi muuguzi alirudi na karatasi ile. Jina lake lilikuwa Pauline, mwanamke mnene mwenye miguu iliyochoka, akaketi pembeni ya kitanda bila kuombwa.

"Mama, mimi si polisi. Umesema mtoto amekula mahindi ya msaada tu."

"Ndiyo."

"Hayo tumeambiwa yamepimwa. Sasa kama ndiyo yamemfanya hivi, mimi lazima nipige simu. Malori yatasimamishwa. Hapo kwenu watu watakaa bila chakula mpaka yapimwe tena. Sikatai, niko tayari kupiga. Lakini nikipiga na si kweli, kuna mtu huko nje ataendelea kula kile kitu chenyewe. Niambie niandike nini."

Kalunde alitazama nje. Kutoka dirishani ilionekana milima ya Iveti, na jua la asubuhi upande mmoja. Aliona magunia yake matatu. Moja lilikuwa limeisha, la pili lilikuwa nusu. Aliona mkono wake ukisukuma sahani. Malizia. Kisha akaona kitu ambacho kilimfanya asimame: Munyiva akipima debe, na watoto wanne wa Nzuki wamesimama mlangoni na beseni.

"Nilificha," akasema.

"Ulificha nini?"

"Mahindi ya bwana yangu. Aliipanda akakufa. Nikatoa ingine, nikabaki na yake. Nimekuwa nikimpa mtoto." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesoma tangazo. "Na nimewapa watoto wa jirani. Jana. Debe moja."

Pauline akainuka. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni. "Taja jina la chifu."

Reuben ndiye aliyetumwa. Alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuendesha baiskeli hivyo tangu alipofukuzwa na nyuki. Alipofika kwa Nzuki mahindi yalikuwa kinuni, yameshaloweshwa, mke wa Nzuki ameshika mchi. Reuben alisahau sauti ya redio. Alipindua kinu kwa mguu. Kuku walipokuja kudonoa akawapiga na kofia yake, na mke wa Nzuki akampiga yeye na mchi mgongoni kabla hajamweleza.

*

Dawa ya kuitoa ile sumu haikuwepo. Pauline alimwambia Kalunde wazi. Walimpa mtoto maji, wakampa sukari, wakampa vitamini, na ini lake lenyewe ndilo lililokuwa kazini. Lingeweza au lisingeweza. Siku ya tatu msichana wa Mwala alifunikwa shuka, na Mutanu akabaki na kitanda chote.

Kalunde alikaa kwenye sakafu, mgongo ukutani. Hakuweza kusali, kila sala ilianza na jina la Musau na kuishia kwenye gunia. Siku ya nne, ili mikono ipate kazi, akatoa kiondo. Akaendelea pale alipoachia Januari. Alichomeka na kuvuta. Uzi mweusi uliokuwa umebaki ulikuwa mchache, ukaisha alasiri ile ile.

"Suka nyekundu," Mutanu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na macho yalikuwa bado manjano.

"Hiyo ni ya mwisho."

"Baba aliileta isukwe, mama. Hakuileta ikae kwenye kopo."

Kalunde alifungua kopo. Uzi ulikuwa bado na harufu ya lile gome. Alianza vilima, kile cha kwanza kupanda, kama mama yake alivyomfundisha. Mutanu aligeuza kichwa polepole, akatazama nje, akatazama kiondo.

"Chako kina ncha. Cha huko nje kimelala."

"Ndivyo vilima vya Kola vinavyosukwa."

"Lakini tuko hapa."

Kalunde alitazama milima ile, kweli ilikuwa imelala, mgongo mrefu. Akafumua alichosuka, mistari mitatu, akaanza upya. Ilikuwa taabu kupata mgongo uliolala kwa uzi unaozunguka, na Mutanu alikuwa fundi mbaya wa kuamrisha: shusha, hapana, ngoja, sasa. Alilala katikati ya kuamrisha. Akaamka akauliza, "Umefika wapi?" Ikawa ndiyo kazi yao. Mama wa kitanda cha pili, ambaye mume wake alikuwa amelazwa hana fahamu, akasogea akaomba kushika uzi. Akaushika tu, siku nzima, akiuachia kidogo kidogo kila Kalunde alipovuta.

Siku ya tisa Mutanu aliomba chakula. Siku ya kumi na mbili Pauline alimvuta ukope chini, akaangalia kwa muda, akasema, "Weupe unarudi." Kalunde alikwenda nje, akaketi kwenye nyasi chini ya mjakaranda, akalia mpaka askari wa lango akamletea maji ya kunywa.

*

Siku waliyorudi nyumbani Reuben alikuwa ameshachimba shimo. Hakutaka kuingia kuyatoa magunia, alimngoja mwenyewe. Kalunde aliyaburuta moja moja kutoka upande wa Musau, akayamwaga shimoni, na Reuben akayatia moto. Mahindi yenye unyevu hayashiki moto upesi. Ilibidi waongeze mabua, na moshi wake ulikuwa na harufu ya chakula.

Munyiva alikuja na fimbo yake akasimama kando.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku ile ya Reuben, nilijua na nikanyamaza. Wewe ulikuwa umeolewa naye miaka kumi na mbili. Mimi nilimzaa."

"Sisemi kitu, mwaitu."

"Sema tu. Ndio nimekuja kusikia."

Kalunde alimsogelea. Alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka moto ukashika.

Moto ulipokuwa unaisha, bibi aliingia jikoni. Akatoka na yale mahindi manane, meusi kwa masizi. Alipangusa moja na leso yake, likatoka jeupe, kavu, gumu kama jiwe. Akalipeleka kwa Reuben.

"Hii nayo uchome?"

Reuben aliligeuza kwenye jua, akachimba punje kwa kucha, akainusa. "Hii iko sawa. Lakini ni ya kupanda, mwaitu. Si ya kula."

"Kwani nani amesema kula? Meno nitoe wapi?" Akamgeukia Kalunde. "Hii pia alipanda yeye. Ilikuwa hapa juu wakati wote."

Waliyapanda Oktoba, mistari michache kando ya kaburi. Kiondo chenye milima iliyolala Kalunde alikipeleka kwa Ruqiya kama zawadi, na Ruqiya akakivuta mkanda kwa nguvu zake zote kwanza, kisha akakiweka mahali pasipo pa kuuza.

Februari iliyofuata walivuna. Mafundi wa kilimo walikuwa wamepita wakifundisha jambo dogo ambalo lingefaa kila nyumba ilijue: unachukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, unatia punje kiasi, unatia chumvi kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi bado yana maji, hata kama mkono wako unakuambia yamekauka. Chumvi isipoganda, peleka ikumbini. Kalunde alikuwa amelitia ikumbi mlango wa mabati na kufuli.

Kazi ya chupa ilikuwa ya Mutanu. Mke wa Nzuki alipita njiani, akaona mahindi bado yameanikwa juu ya turubai siku ya sita, na mama na mtoto wameketi kando yake wakisuka.

"Mama Mutanu, hayo unayaanika au unayachoma? Mawingu yale huyaoni? Na wezi je?"

"Nayaona," Kalunde akajibu. "Mutanu, angalia."

Mutanu aliitikisa chupa, akaiweka chini, akangoja huku akihesabu kimoyomoyo. Kisha akaiinua dhidi ya jua. Ndani ya kioo, chumvi ilikuwa imeshika upande mmoja, ukungu mweupe mwembamba.

"Bado, mama," akasema.

Kalunde alitazama mawingu. Akaweka kiondo chini, akaanza kuyageuza mahindi tena kwa mikono, mstari kwa mstari.